Mwezi wa Sita wa Elisabeti

Mahubiri ya Majilio. Somo: Luka 1:24–45



Majilio yamefika. Kanisani mshumaa wa kwanza umewashwa, na nyumbani majembe yamenolewa. Kwa maana kwetu Majilio na kilimo huja pamoja. Mawingu yanasimama juu ya milima ya Udzungwa, na watu wameanza kufunga mizigo yao, sufuria na mikeka, mbegu za mpunga, kuku ndani ya tenga, waende kukaa katika vibanda vya mashambani hata wakati wa mavuno. Kabla hamjaondoka, nimeona yafaa nizungumze nanyi habari za mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi sita.

Labda mtu ataniuliza, Je, hayo ni maneno ya mchungaji? Wazee wetu waliyasema faraghani, kungwi na mwali wake, mama na binti yake. Hata mimi zamani niliona haya kuyataja. Walakini Luka Mwinjilisti, aliyekuwa tabibu, hakuona haya. Ataka kutueleza jinsi Mwokozi alivyokuja ulimwenguni, naye aanza kwa kuhesabu miezi ya mimba ya mwanamke mzee. Asema kwamba Elisabeti alijificha miezi mitano. Asema tena kwamba katika mwezi wa sita malaika Gabrieli alitumwa kwenda Nazareti. Kisha malaika mwenyewe amwarifu Mariamu kwamba jamaa yake, yule aliyeitwa tasa, sasa yu katika mwezi wake wa sita. Mara mbili mwezi huo watajwa katika sura moja. Basi, ikiwa malaika wa mbinguni aliijua hesabu ya miezi ya mja mzito, yafaa mzee wa kanisa naye aijue.

Kwanza, tuitazame kazi ya Mungu gizani.

Katika Zaburi ya 139 Daudi amsifu Mungu aliyemwumba ndani ya mama yake, mahali pa siri pasipoonekana na mtu. Daudi hakuwa na chombo cha kupenya giza lile, bali aliamini. Sisi leo tumepewa kujua zaidi, na kujua huku kusitupunguzie ajabu.

Mtoto wa mwezi wa sita, mama akiwa amefikisha yapata majuma 24, ana urefu wa sentimita 30 hivi, yaani kama rula ya mtoto wa shule. Uzito wake ni gramu 600 au zaidi kidogo. Majuma matatu manne baadaye atakaribia kilo moja. Ngozi yake ni nyembamba, yenye makunyanzi, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi ni machache bado. Juu yake amepakwa kitu cheupe kama samli iliyoganda, kisichoacha maji ya uzazi yamharibu. Tena mwili wake umefunikwa vinyweleo vyororo, na lugha yetu huviita malaika. Ni jina lile lile la watumishi wa Mungu. Sitaki kujenga fundisho juu ya jina tu. Lakini kila mkunga anipokeapo na kusema, Mchungaji, huyu amezaliwa na malaika mabegani, mimi hufurahi.

Katika ncha za vidole vyake mistari imekwisha kuchorwa, na mistari hiyo hailingani na ya mtu mwingine yeyote, hata ya pacha wake. Kope zake zilikuwa zimegandamana tangu miezi ya mwanzo; mwishoni mwa mwezi wa sita na kuingia wa saba zafunguka. Moyo wake hupiga mara 110 hata 160 kwa dakika moja, upesi kuliko wa mama yake. Hulala na kuamka. Hunyonya kidole. Mapafu yake yaanza kutengeneza ule utelezi utakaoyawezesha kufunguka kwa pumzi ya kwanza, lakini kazi hiyo haijatimia. Ndiyo sababu mtoto azaliwaye wakati huu yu katika hatari kubwa.

Naye husikia. Katika majuma haya masikio yake huanza kupokea sauti: kwanza moyo wa mama na mwendo wa damu yake, kisha sauti ya mama mwenyewe, hata sauti za nje. Mtu akipiga ngoma karibu, aweza kushtuka. Basi rudini kwa Luka mkatazame. Mariamu aliingia nyumbani mwa Zakaria akasalimu, na sauti ya salamu yake ilipofika masikioni mwa Elisabeti, mtoto tumboni akaruka kwa furaha. Tunasadiki kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini Roho hakudharau masikio aliyoyaumba mwenyewe. Yohana, aliyewekwa kuwa sauti ya mtu aliaye nyikani, alianza utumishi wake kwa kusikia.

Kwa hiyo enyi akina baba, angalieni maneno msemayo nyumbani usiku. Na ninyi akina mama, imbeni.

Pili, tuutazame mzigo wa mama.

Wengine husema kwamba miezi ya katikati ndiyo ya raha. Ni kweli kwa sehemu: kichefuchefu kimepungua, hamu ya chakula imerudi, na tumbo halijawa zito kama la miezi ya mwisho. Lakini tazama yanayotendeka ndani. Mji wa mimba, uliofika kitovuni katika mwezi wa tano, sasa umepanda juu yake. Mkunga apimapo kwa utepe toka mfupa wa kinena, hesabu ya sentimita hukaribia hesabu ya majuma. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, apate kumlisha mtoto; lakini maji ya damu huzidi upesi kuliko chembe zake nyekundu, na mama asiyepata madini ya chuma ya kutosha huishiwa nguvu, akapumua kwa shida, viganja vyake vikawa vyeupe. Mgongo humwuma. Usiku misuli ya miguu hukaza. Kiungulia humchoma kifuani alalapo. Jioni miguu yavimba kidogo. Pengine tumbo hukaza na kulegea bila uchungu, kama lijaribualo kazi ya mbele. Hayo mengi ni ya kawaida, wala si uvivu. Mume amwonaye mkewe akikaa chini mara kwa mara shambani asimwite mvivu. Yeye afanya kazi mbili, na moja haionekani.

Lakini yako mambo yasiyo ya kawaida, na kila mwalimu wa kijiji ayakumbuke. Damu ikitoka, maji yakivuja, homa, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali ya tumbo, degedege, au mtoto aliyekuwa akicheza kila siku akapunguza kucheza au akanyamaza. Mojawapo la hayo likimpata mja mzito, asingojwe hata asubuhi, wala isingojwe siku ya soko. Apelekwe. Kifafa cha mimba chaweza kuanza baada ya majuma 20, tena mwanzo wake hautambulikani ila kwa kupimwa msukumo wa damu na mkojo. Ndiyo maana huenda kliniki hata yule ajionaye mzima.

Na katika bonde letu kuna adui wa zamani, malaria. Maji yatupayo mpunga ndiyo yazaayo mbu. Vijidudu vya malaria hujikusanya katika kondo la nyuma, pale pale mtoto apatapo chakula chake, na mama aweza kuwa navyo bila homa kali. Damu yake hupungua. Mtoto huzaliwa mwepesi, au kabla ya wakati, au amekwisha kufa. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo katika hatari zaidi.

Mungu hakutuacha bila msaada. Mwaka 1949 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapo maabara ndogo, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyandalua vyenye dawa vilienezwa katika Kilombero na Ulanga, na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba kwa vyandalua hivyo kuokoka kwa watoto wa mwezi mmoja hata miaka minne kuliongezeka kwa 27 katika mia. Mwaka 2004 serikali ikaanza kuwapa waja wazito hati punguzo za kununulia vyandalua. Watu wa bonde hili ndio waliokubali kuhesabiwa na kupimwa, na faida yake imefika mbali. Basi lingekuwa jambo la aibu sisi wenyewe tuache chandalua kikining'inia nyumbani mjini, na mama mzito akalale kibandani pasipo kitu.

Tena kuna dawa ya SP, vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja mbele ya mwuguzi. Huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza, hurudiwa kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, hata kuzaa, wala jumla yake isipungue mara tatu. Mama atumiaye dawa nyingine za kila siku amwambie mwuguzi kwanza.

Sasa, ndugu zangu, nitaungama jambo.

Yapata miaka 15 iliyopita, katika usharika wangu wa kwanza, kijana mmoja alinijia juma la pili la Majilio. Mkewe alikuwa mzito. Akaniuliza, Mchungaji, niende naye shambani, ama abaki? Shamba lao lilikuwa mbali, kuvuka maji, na siku zile daraja kubwa la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, halijajengwa. Nikamjibu, Nendeni, Mungu atawatunza. Nikawaombea, nikawabariki, nikarudi kwenye hesabu za sadaka. Sikumwuliza mimba ni ya miezi mingapi. Sikumwuliza kama mkewe ana kadi ya kliniki, wala kama wana chandalua, wala watapitia wapi wakipatwa na jambo. Nilijua kwa hakika ni nani katika usharika ambaye hajamaliza kulipa ahadi yake. Miezi ya mama yule sikuijua.

Januari homa ilimshika. Siku ya kwanza walisema ni uchovu wa kulima. Siku ya pili mvua ilinyesha, mtumbwi haukupatikana. Siku ya tatu alfajiri mtoto akazaliwa kibandani, kabla ya siku zake. Alilia kwa sauti ndogo kama ya paka mchanga. Mama mkwe wake, mwanamke asiyejua kusoma, akachota maji katika sufuria, akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama alivyofundishwa katika darasa. Jua lilipofika utosini mtoto alikuwa amekufa. Wakamleta kwangu amefungwa katika kanga, nikamzika.

Baba yake hakunilaumu. Alinishukuru kwa maombi yangu, na shukrani ile imenichoma kuliko lawama. Mama alisema maneno machache tu. Alisema, Alikuwa akicheza kila jioni nilipoanza kuimba. Kisha akapunguza, nikawaambia, wakasema amechoka.

Nimeandika haya si kwa kujitesa, maana Bwana amenisamehe. Nimeandika ili walimu walio vijana wasijifunze kwa njia niliyojifunza mimi. Kumwombea mja mzito ni wajibu wetu, lakini maombi yasiwe mlango wa kutokea ili tusiulize neno la pili.

Nanyi mama mliopotewa na watoto, mlio wengi katika sharika zetu kuliko tujuavyo, nisikieni. Sisemi kwamba kosa ni lenu. Wengine walifuata kila shauri la wakunga, na bado wamezika. Asiwaambie mtu kwamba ni laana, au kwamba mlikula mwiko, au kwamba jirani amewatazama vibaya. Yule aliyemwona mtoto wako gizani kabla hujamwona wewe hajamsahau. Hata kama maji ya ubatizo hayakumfikia kwa wakati, tunamkabidhi kwa Mwokozi ambaye naye alikaa tumboni mwa mwanamke miezi yote.

Tatu, tuitazame safari ya Mariamu.

Mariamu alipopata habari za mwezi wa sita, hakusema, Mungu atamtunza. Aliondoka kwa haraka akaenda nchi ya milima, mwendo wa siku kadhaa kutoka Nazareti, akaingia nyumbani mwa Elisabeti. Luka asema katika mstari wa 56 kwamba alikaa naye kama miezi mitatu. Sita na tatu ni tisa. Alikaa naye miezi ile ile iliyo mizito. Luka hakutuandikia waliyoyafanya siku hizo, lakini aliyewahi kukaa na mja mzito ajua: maji huchotwa, kuni hukusanywa, mgongo husuguliwa.

Na Zakaria? Huyo alikuwa bubu miezi yote, kwa kuwa hakusadiki. Nadhani baadhi ya waume wa sharika zetu wangefaidika wakifungwa kinywa kidogo na kufunguliwa mikono.

Elisabeti alijificha miezi mitano, na katika mwezi wa sita habari yake ikatoka nje. Miongoni mwetu wako wanaojificha kwa hofu ya kijicho cha watu hata mwezi wa saba, na kliniki hawajaiona. Mama, jifiche na maneno ya watu ukitaka, lakini usijifiche na mkunga. Yafaa kumwendea tangu miezi mitatu ya kwanza. Na kama umechelewa, mwezi wa sita si wa kukata tamaa. Nenda kesho.

Sasa tuhesabu pamoja, kama Luka. Mama aliye katika majuma 24 leo, mwanzo wa Desemba, atafikisha majuma 40 mwishoni mwa Machi. Machi ni wakati gani kwetu? Ni wakati mto unapofurika, njia za bondeni zikawa maji, na kibanda kikawa kisiwa. Anayeondoka leo akitembea kwa miguu yake, mizigo kichwani, ataitafuta njia hiyo siku ya uchungu asiione. Kwa hiyo shauri la Machi lafanywa sasa, wakati ardhi ingali kavu.

Naomba kila usharika ufanye mambo matatu kabla watu hawajatawanyika. Mwalimu na mama mmoja mwaminifu wawatembelee waja wazito, waulize miezi yao kwa adabu na kwa siri, na kila mmoja apewe Mariamu wake, yaani mwanamke atakayekwenda kumwona huko aliko. Mume afike kliniki pamoja na mkewe kabla ya kwenda shambani, wapate dawa na chandalua, tena wajue tarehe ya kurudi. Kisha jamaa wakubaliane ni nyumba gani mjini itakayompokea tangu Februari, karibu na zahanati au na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, walikotumika ndugu zetu Wakatoliki kwa miaka mingi. Na fedha kidogo ya safari iwekwe kando, isiguswe kwa mbolea wala kwa harusi. Mpunga wapaliliwa na mikono mingi, na wazee wetu walikwisha sema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Malezi huanza kabla ya kuzaliwa.

Jumapili ya nne ya Majilio tutaisoma tena habari ya wanawake wawili waliokutana mlangoni, mmoja mzee na mmoja kijana. Siku hiyo wengi wenu mtakuwa mashambani, mkisali chini ya mwembe au kibandani. Mwalimu asomapo somo hilo, na atazame waliokaa mbele yake. Akimwona mama aliyeweka mkono juu ya tumbo lake, amwendee baada ya ibada, amsalimu kwa sauti njema, amwulize, Mama, ni mwezi wa ngapi? Mtoto anacheza?

Tuombe. Bwana Mungu, uliyemfanya Mwanao akae katika tumbo la Mariamu, uwatazame mama wote wa bonde hili waliobeba watoto kifichoni. Uwape damu yenye nguvu na usingizi mwema. Uwalinde na homa, na kifafa, na maji mengi. Uwafariji waliozika. Utupe sisi miguu ya haraka kama ya Mariamu, tusiseme neno lako na kuketi. Utusikie kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.